PIMA KABLA HUJAKATA: MAZUNGUMZO KWA ANAYETAKA KUJIFUNZA UFUNDI WA VYUMA

Andiko la kipindi. Vikundi vya wasikilizaji vinaweza kulisoma kwa sauti. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPUNGUA TARATIBU.)

MTANGAZAJI:

Karibu tena katika kipindi chetu, popote unapotusikilizia: uwe Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya, Nakivale nchini Uganda, Mahama nchini Rwanda, au Dzaleka kule Malawi. Vuta kigoda, sogeza redio karibu, na ukiwa na kalamu na karatasi iweke tayari, kwa maana leo kuna namba za kuandika.

Mazungumzo yetu ya leo ni ya ufundi wa vyuma: kukata chuma, kukipiga tupa, kukitoboa, na kukikereza kwenye mashine mpaka kiwe shafti, bushi au bolti. Hasa hasa, tutazungumza juu ya jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka, nalo ni kupima. Anayeanza ufundi huu na vijisenti vichache mfukoni anunue kipimo gani kwanza? Kipi kisubiri? Na atajuaje sokoni kwamba hauziwi chuma chakavu kilichong'arishwa?

Kwa nini jambo hili ni zito? Chukua mfano wa mashine ya kusaga unga. Beringi imekufa, na shafti imelika pale beringi ilipokuwa imekaa. Mwenye mashine anatafuta fundi. Fundi anatengeneza shafti mpya, lakini anaikadiria kwa macho, na inapungua robo milimita tu. Beringi inaingia vizuri, inaingia hata kwa mkono, na kila mtu anafurahi. Baada ya siku chache shafti inaanza kucheza ndani ya beringi, inapata moto, inalia, na mashine inasimama. Mama aliyekuja na mahindi ya mgao anarudi nayo kichwani, au anatembea mpaka mashine ya mbali. Mwenye mashine amelipa mara mbili. Na yule fundi? Hakuna atakayemwita tena. Robo milimita, unene wa karatasi mbili au tatu, imemnyima kazi ya mwaka mzima.

Ndiyo maana tunasema: katika ufundi wa vyuma, mkono hujifunza kazi, lakini kipimo ndicho kinachokuletea wateja.

(MUZIKI MFUPI)

Kwanza, tuondoe hofu moja. Wengi husema, "Mimi sina mashine ya kukereza, kambini kwetu haipo, basi ufundi huu si wangu." Ni kweli kwamba mashine za kukereza ni adimu kambini. Vituo vingi vya mafunzo hufundisha kuchomelea, useremala, ushonaji au umakanika wa pikipiki. Lakini ufundi wa vyuma hauanzii kwenye mashine. Unaanzia kwenye jiriwa, msumeno wa chuma na tupa. Katika vyuo vingi vya zamani mwanafunzi hakuguswa na mashine miezi ya mwanzo. Alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa: kifanye kiwe mraba, pande zote ziwe sawa, pembe zote ziwe kamili. Alipiga tupa, akapima, akapiga tena, akapima tena. Siku alipopewa mashine, macho yake na vidole vyake vilikuwa vimeshajua milimita ni nini.

Kwa hiyo wewe unayechomelea madirisha, unayetengeneza baiskeli, unayefungua injini za bodaboda, au unayetunza mashine ya kusaga, tayari umesimama mlangoni. Kupima ndiko kutakakokuingiza ndani.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe. Nitavitaja kwa utaratibu ambao anayeanza anapaswa kuvinunua.

Kipimo cha kwanza ni rula ya chuma. Si ya plastiki ya shuleni, wala si utepe wa fundi cherehani. Ni rula ya chuma kisichoshika kutu, ya sentimita 15 au 30, yenye mistari iliyochongwa ndani ya chuma. Pitisha ukucha juu ya mistari hiyo. Ukihisi vijifereji, imechongwa. Ukihisi ulaini mtupu, mistari imepakwa rangi tu, na mwaka hautaisha kabla haijafutika. Rula nzuri itakupa nusu milimita bila shida. Tena ni ya bei ndogo, na haina kitu cha kuharibika ndani yake. Tahadhari moja tu: ncha ya rula huchakaa. Ukitaka uhakika, anza kupima kwenye mstari wa sentimita 1 badala ya ncha, kisha utoe sentimita 1 kwenye jibu.

Kipimo cha pili ni guni, yaani kile kifaa cha pembe mraba ambacho hata maseremala hukitumia. Kabla hujalipa, kijaribu hivi. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka. Egemeza guni kwenye ukingo, chora mstari kwa penseli kali. Sasa ligeuze guni upande wa pili, uliegemeze kwenye ukingo uleule, uchore mstari mwingine papo hapo. Kama mistari miwili imelaliana, guni ni zima. Kama inaachana kama miguu ya kuku, rudisha. Jaribio hili halihitaji mtaalamu, na muuzaji mwaminifu hatalikataa.

Kipimo cha tatu ndicho ambacho kila mtu anakitamani, nacho ni kalipa ya vernia. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wanaijua kwa jina la pied à coulisse. Ni ile yenye taya mbili kubwa za kupimia nje ya kitu, taya mbili ndogo za kupimia ndani ya tundu, na kijiti chembamba kinachotoka mkiani cha kupimia kina. Kifaa kimoja, kazi tatu. Jina vernia ni la Mfaransa Pierre Vernier, aliyeeleza namna ile ya mistari miwili inayoteleza mwaka 1631. Tangu hapo karibu miaka 400 imepita, na hakuna aliyeweza kuiondoa.

Siri yake ni hii. Kuna mistari ya milimita kwenye mwili wa kalipa, na kuna mistari mingine midogo kwenye sehemu inayoteleza. Tuseme kalipa yako imeandikwa 0.02. Unasoma hivi. Kwanza, tazama sifuri ya sehemu inayoteleza imepita milimita ngapi. Tuseme imepita 17 na haijafika 18. Andika 17. Pili, tafuta kwenye sehemu inayoteleza mstari mmoja ambao umekaa sawasawa kabisa na mstari wa juu yake, kama watu wawili waliosimama uso kwa uso. Mmoja tu ndio utakaolingana vizuri kuliko mingine. Tuseme ni mstari wa tatu baada ya namba 3. Namba 3 ni 0.30. Mistari mitatu midogo, kila mmoja ni 0.02, ni 0.06. Jumlisha: 17, na 0.30, na 0.06. Jibu ni milimita 17.36.

Rudia hesabu hiyo kwenye karatasi mpaka usihitaji karatasi. Siku mbili tatu zinatosha.

(MUZIKI MFUPI)

Hapa ndipo swali kubwa linapokuja. Sokoni utaona kalipa za aina tatu. Ya kwanza ni hii ya mistari. Ya pili ina saa ya mshale. Ya tatu ni ya kioo, inakuonyesha namba yenyewe kama simu. Kijana akiiona ile ya kioo, moyo unamwenda mbio. Haina haja ya kujifunza kusoma mistari, unabonyeza, unapata jibu.

Ndugu yangu, fikiria unapoishi. Ile ya kioo inakula betri ndogo kama kifungo cha shati. Betri ikiisha, je, duka la karibu linayo? Vumbi la kambi na maji ya mvua huingia kwenye ukanda wake wa kusomea, na namba zinaanza kurukaruka. Ile ya mshale ina meno madogo sana ndani. Punje moja ya maranda ya chuma ikiingia kati ya meno, mshale unaruka, na kuanzia hapo kila jibu ni la uongo. Ile ya mistari haina betri wala meno. Ikianguka inaweza kuharibika, ndiyo, lakini ukiifuta vumbi na kuipaka mafuta kidogo, inaweza kukuzika.

Kwa anayeanza kambini, ushauri wetu ni huu: nunua kalipa ya mistari ya milimita 150. Yenye usahihi wa 0.05 inatosha, ya 0.02 ni bora. Ukishaijua hiyo, siku ukikutana na ya kioo karakanani utaisoma bila kufundishwa. Lakini aliyejifunzia kwenye ya kioo, siku betri ikiisha anabaki mikono mitupu.

Sasa, unaijuaje iliyo nzima? Majaribio manne, yote unaweza kuyafanya mbele ya muuzaji.

La kwanza, funga taya mpaka zigusane, uinue kalipa kuelekea mwanga wa jua. Ukiona mwanga unapenya juu lakini chini hakuna, au katikati kuna tundu la mwanga, taya zimelika au zimepinda.

La pili, taya zikiwa zimefungwa, sifuri mbili zinapaswa kulaliana. Kama hazilaliani, waachie wengine.

La tatu, itelezeshe kutoka mwanzo hadi mwisho. Itembee laini, bila kukwama na bila kulegea. Kisha ishike taya inayoteleza na kuitikisa. Ikitikisika kama jino la mtoto, jibu lake litabadilika kulingana na nguvu ya mkono wako.

La nne ni la ujanja wa mafundi. Nenda sokoni na beringi mpya mfukoni, au iazime kwa makanika. Beringi nzuri hutengenezwa kwa usahihi mkubwa kuliko kalipa yoyote utakayoinunua, tena vipimo vyake viko wazi kwenye namba yake. Beringi iliyoandikwa 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje milimita 47, na unene milimita 14. Ile ya 6205 ni 25, 52 na 15. Pima nje ya 6205. Ukisoma 52.00, au ukapishana kwa mstari mmoja, kalipa ni nzuri. Ukisoma 52.30, mwambie muuzaji asante.

Na kwa kuwa tumefika kwenye beringi, andika siri hii ndogo. Kwenye beringi za kawaida za aina hiyo, kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, utapata tundu la ndani. 04 mara 5 ni 20. 05 ni 25. 06 ni 30. Chini ya hapo kanuni hiyo haifuatwi: 6202 ni milimita 15, na 6203 ni milimita 17. Kujua hivyo tu, mteja akikuletea beringi iliyopasuka vipande, namba ikiwa inasomeka, unajua shafti yake ilikuwa na upana gani hata kama shafti yenyewe imelika.

Neno moja juu ya jina kubwa lililochorwa kwenye sanduku. Vipimo vya bandia ni vingi sokoni, na sanduku halipimi kitu. Kalipa isiyo na jina iliyopita majaribio manne ni bora kuliko yenye jina iliyoshindwa mawili.

(MUZIKI MFUPI)

Je, maikromita? Wale wa Kifaransa wanaiita palmer, kwa jina la Mfaransa Jean Laurent Palmer aliyeipatia hataza mwaka 1848. Ina umbo la upinde, na ina kikombe unachokizungusha. Kikombe kikizunguka mara moja, kinasogea nusu milimita tu, na kwenye kikombe kuna mistari 50. Kwa hiyo kila mstari ni sehemu moja ya mia ya milimita, yaani 0.01. Ukiona 12.5 kwenye shina na 37 kwenye kikombe, jibu ni 12.87.

Ni kipimo kizuri sana, lakini kisikukimbize. Maikromita ya kwanza hupima kutoka 0 hadi milimita 25 tu. Kupima kutoka 25 hadi 50 unahitaji nyingine. Kama bado hujaanza kazi ya mashine ya kukereza, maikromita itakaa kwenye sanduku na pesa yako itakuwa imelala humo. Inunue siku kazi inapoiita, wala si kabla. Siku hiyo ikifika, kumbuka: usiikaze kama jiriwa. Ina kidude mkiani kinacholia tak, tak, tak. Zungusha kwa kidude hicho, kikilia mara mbili tatu, acha, soma.

Basi anayeanza atafanyaje kazi ya beringi bila maikromita, ikiwa kalipa yake haiwezi kumhakikishia sehemu moja ya mia? Hapo tunatumia akili ya mafundi wa kale: beringi yenyewe iwe kipimo chako. Kereza shafti ikiwa kubwa kidogo. Kalipa ikikuambia umekaribia, acha kukata kwa pupa. Ondoa kidogo sana, zima mashine, jaribu beringi. Haiingii. Ondoa kidogo tena, au tumia msasa laini. Mpaka ufike mahali ambapo beringi inaanza kushika mwanzoni mwa shafti, lakini inataka kugongwa taratibu ili iingie yote. Na unapoigonga, gonga ule mviringo wa ndani unaokaa juu ya shafti, usigonge wa nje, maana nguvu itapita kwenye gololi na kuziumiza. Chuma ulichoacha unaweza kukipunguza. Chuma ulichokata hakirudi.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni joto. Chuma kikipata moto kinatanuka. Ndiyo maana vipimo vya viwandani duniani huhesabiwa kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Shafti yenye upana wa milimita 100 ikipanda joto kwa nyuzi 30, hutanuka zaidi ya sehemu tatu za mia za milimita. Kwa hiyo usipime chuma kilichotoka kukatwa sasa hivi kikiwa kinaunguza mkono, wala kilichoachwa juani mchana kutwa. Kiache kivulini kipoe, wewe na kalipa yako mpoe pia.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa tukupe mazoezi. Hayahitaji mashine wala karakana.

Zoezi la kwanza. Chukua rundo la karatasi zilezile, uzihesabu ziwe 100. Zibane vizuri, upime unene wake kwa rula. Karatasi za kawaida za ofisini zitakupa karibu milimita 10. Gawanya kwa 100: karatasi moja ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Za daftari ni nyembamba zaidi, utapata namba yako mwenyewe. Sasa shika karatasi moja kati ya vidole. Hiyo ndiyo 0.1. Mkono wako umeshajifunza namba ambayo jana ilikuwa ya kwenye kitabu tu.

Zoezi la pili. Chukua bolti. Weka rula kando ya nyuzi zake, uhesabu nafasi 10 kutoka kilele hadi kilele, usome urefu. Bolti ya kawaida ya milimita 10 itakupa 15, kwa sababu uzi mmoja ni milimita 1.5. Ya milimita 8 itakupa 12.5. Ya milimita 12 itakupa 17.5. Lakini ukipima bolti ya milimita 10 ya pikipiki, huenda ukapata 12.5 badala ya 15, maana pikipiki nyingi za Kijapani hutumia uzi wa karibu zaidi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini nati inaingia mzunguko mmoja na nusu kisha inagoma. Asiyepima huikaza kwa nguvu, akaharibu bolti na nati kwa pamoja.

Zoezi la tatu. Nenda kwenye bomba la maji, lile linaloitwa la nusu inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nusu inchi ni 12.7. Pima nje ya bomba la chuma. Utakuta kiasi cha 21.3. Kalipa yako haijakosea. Jina la bomba lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya zamani, si upana wa nje. Somo lake ni hili: jina la kitu si kipimo chake. Pima mwenyewe.

Zoezi la nne ni la mwezi mzima. Tafuta kipande cha chuma chakavu, ukikate karibu na milimita 30 kwa 30 kwa 30, kisha kwa tupa, guni na kalipa, kifanye kiwe mchemraba kamili. Kila upande uwe 30.0, usipishane hata sehemu mbili za kumi. Ukikimaliza, usikitupe. Hicho ndicho cheti chako cha kwanza. Mkabidhi fundi mkuu wa karakana bila kusema neno. Atakipima, na atajua amekutana na nani.

(MUZIKI MFUPI)

Kabla ya kuagana, maneno ya usalama, hasa kwa siku utakayokaribishwa kwenye mashine ya kukereza. Usipime kamwe chuma kinachozunguka. Zima, ngoja kisimame kabisa, ndipo upime. Usivae glavu kwenye mashine inayozunguka, kwa sababu glavu ikinaswa inavuta mkono wote. Kunja mikono ya shati. Akina mama na akina dada mnaojifunza ufundi huu, na tunajua mko, fungeni mtandio na ncha za kitenge ndani kabisa, nywele ndefu zifungwe nyuma. Vaa miwani ya kukinga macho. Maranda ya chuma yanakata kama wembe, hivyo yaondoe kwa brashi au kwa ndoano, si kwa vidole. Na ule ufunguo unaokazia taya za mashine, usiuache mahali pake hata kwa kufumba na kufumbua. Mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa bado umechomekwa, unaruka kama risasi.

Kuhusu pesa, tunakusihi usikope ili kununua vipimo. Kama mko watu watano au sita mnaojifunza pamoja, kalipa moja nzuri ya kikundi ni bora kuliko sita mbovu. Wekeni utaratibu: inakaa kwa nani, anayeitumia anaandika jina, inarudi imefutwa na kupakwa mafuta, na ikianguka lazima isemwe, isifichwe. Kalipa iliyoanguka ikafichwa ni kama shahidi wa uongo. Itawaharibia kazi wote bila kujua.

Na kuhusu vyeti na vibali. Sheria si moja katika kila nchi. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Tanzania, kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Basi kabla ya kukubali kazi nje ya kambi, uliza kwanza kwa wahusika mahali ulipo. Vilevile, zipo taasisi za serikali zinazopima ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini. Tanzania kuna VETA, na Kenya kuna NITA, ambayo mitihani yake ya ufundi inaanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza. Uliza kituo cha mafunzo kilicho karibu nawe kama kuna njia ya kufikia mtihani huo, na nyaraka gani zinahitajika.

Kambini tumezoea kuhesabiwa. Tunahesabiwa kwenye mgao, tunahesabiwa kwenye orodha, tunasubiri majina yasomwe. Ufundi huu unakupa nafasi ya kuwa wewe unayehesabu na kupima. Na milimita haina uraia. 25 ya Goma ndiyo 25 ya Gitega, ndiyo 25 ya Juba, ndiyo 25 ya mji wowote utakaojaaliwa kufika au kurudi. Beringi ya 6205 utakayoifunga leo hapa ulipo ni ileile utakayoikuta kwenye mashine ya kusaga ya kijijini kwenu. Ukirudi nyumbani siku moja, mzigo huu hautapimwa kwenye lori.

Anza na rula. Piga tupa. Pima kabla hujakata.



(MUZIKI WA KUFUNGA)

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kazi zipi hapa kambini kwetu zinazoharibika kwa sababu ya kutopima? Nani anaumia?

2. Kama kikundi chetu kingekuwa na pesa ya kununua kipimo kimoja tu, tungenunua kipi, na kwa sababu gani?

3. Kalipa imesomeka hivi: sifuri imepita 24, na mstari unaolingana ni wa pili baada ya namba 8, kwenye kalipa ya 0.02. Jibu ni ngapi? (Jibu: 24.84)

4. Beringi imeandikwa 6206. Shafti yake ina upana gani? (Jibu: milimita 30)

5. Ni nani kati yetu anayejua kutumia jiriwa, tupa au mashine ya kukereza, na yuko tayari kufundisha wengine?